Hodi ya Pua

Swali lililoninyima usingizi halikuwa la kikemia. Lilikuwa hili: ukigundua kwamba mtu aliyekufundisha kunusa hatari hawezi tena kuinusa mwenyewe, unamwambia nani kwanza? Nililala chali nikapanga jibu, nikalipangua. Nikimwambia meneja, nimemchongea mzee wangu. Nikimwambia mzee, atanitania, kisha ataendelea na kazi. Nisipomwambia mtu, ipo siku nitarudi kutoka mashambani nikute maabara haina paa. Ndivyo akili yangu ilivyo. Haipiti mlango mmoja bila kuchungulia mingine yote, na wakati inachungulia, chai inapoa.

Ninaandika haya katika wiki yangu ya mwisho hapa Makambako. Wenzangu wameamua kuniita mstaafu. Wamenivisha kitenge, wameniletea keki iliyoandikwa "Uzee Mwema", na mmoja amenishauri nianze kufuga kuku. Sijafikisha miaka thelathini. Naenda tu kufundisha kemia sekondari, lakini ni kweli kwamba chumba cha heksani sitakirudia, na kwa chumba kile mimi ni mstaafu kamili. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mtakaokabidhiwa ufunguo. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kuwafaa. Kuhusu mlango ule ninalo.

Maabara yetu mnaijua inavyofanya kazi, ila nitaeleza kwa ajili ya mgeni. Wakulima wa parachichi kutoka Njombe, Wanging'ombe na Ludewa wanataka kujua kama matunda yao yamekomaa kiasi cha kuvunwa. Sisi tunakausha nyama ya tunda, tunaisaga, kisha tunaiosha kwa heksani ya moto, ambayo huondoka na mafuta yote. Heksani ikishatolewa, mafuta yanabaki, tunayapima. Heksani ni ndugu wa petroli. Haina rangi, inashika moto upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hautokei dirishani bali unatambaa sakafuni kama ukungu wa asubuhi unavyotambaa mabondeni kwetu. Inatoka Dar es Salaam, na katika msimu huchelewa kila mara. Ndiyo sababu hatuimwagi. Tunaikeneka: tunaichemsha ile iliyochafuka, tunaupoza mvuke wake, tunakinga iliyo safi na kuitumia tena. Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja. Mimi ilinichukua misimu kadhaa kuijifunza.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Makambako ya mwezi wa sita anajua upepo wake hauombi ruhusa. Nilikuja na sweta mbili, ya juu ikiwa ya mtumba, nyororo, ya nailoni. Mlangoni nilimkuta Mzee Chaula, mkuu wa chumba cha heksani na viyeyusho vingine, Mkinga wa Makete, mrefu, amevaa koti la pamba peke yake kama vile baridi ni uzushi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vua hiyo sweta."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilianza kujiuliza kama ni mtihani, kama nikivua nimefeli au nimefaulu.

"Binti, vua. Utaniuliza baadaye."

Nilipovua aliichukua, akaniingiza kwenye stoo ya vifaa isiyo na dirisha, akafunga mlango nusu na kuisugua sweta kwenye mkono wake. Cheche ndogo za buluu zikaruka, tik tik tik.

"Umeviona vimulimuli vyako? Ukiingia navyo kwenye mvuke, mimi na wewe tutaokotwa kwa kijiko." Akanirudishia sweta. "Kule ndani ni pamba. Ukisikia baridi, kumbuka dhambi zako."

Tukarudi kwenye mlango wa chumba cha heksani. Akaufungua, lakini hakuingia. Akasimama pembeni ya kizingiti.

"Bisha hodi."

"Hodi," nikasema.

"Siyo kwa mdomo. Kwa pua."

Sikuelewa. Akanieleza: unasimama kizingitini, hujagusa kitu, hujawasha kitu. Unavuta hewa taratibu, mara moja ukiwa umesimama, mara moja umeinama karibu na sakafu, kwa sababu mvuke wa heksani unakaa chini. Kisha unamwambia mwenzako unachokisikia. Kama hakuna kitu, mwenzako anajibu "karibu", na hapo ndipo mkono unaruhusiwa kugusa swichi. Swichi yenyewe, mnajua, iko nje ya chumba, kwenye ukuta wa upande wa pili. Hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Aligombana na fundi umeme mpaka ikahamishwa.

Nikainama, nikavuta.

"Unasikia nini?"

"Sabuni. Na kama petroli hivi, kwa mbali."

"Hiyo ya kwa mbali inatoka wapi?"

"Sijui."

"Basi hatujakaribishwa."

Tukafungua madirisha kwa nje na kukaa kwenye veranda. Ndani ya pipa la taka kulikuwa na kitambaa kilichofutiwa meza, kimelowa heksani, mtu amekisahau. Kilipotolewa na chumba kupata hewa, nikabisha tena. Sikusikia kitu. "Karibu," akasema Mzee Chaula, kwa sauti ile ile ambayo mtu angemkaribisha mkwe.

Ninyi mtaona ni mchezo. Mimi siku hiyo nilirudi nyumbani nikabisha hodi ya pua kwenye chumba changu cha kupanga, nikasikia viatu vyangu mwenyewe.

Kuhusu mtambo, niseme machache ambayo hayamo kwenye maelekezo ya ukutani. Vipande vya kigae vinavyozuia kiyeyusho kuchemka kwa kishindo hutiwa kikiwa baridi. Ukisahau, zima, subiri kipoe, ndipo utie. Ukivitia kwenye kiyeyusho cha moto kitaruka chote kwa mara moja. Maji ya kupozea yaanze kutiririka kabla ya hita kuwashwa, na yazimwe baada ya kila kitu kupoa. Etha iliyotumika, kiyeyusho chetu kingine, haikenekwi hapa, kamwe, hata heksani ikiadimika namna gani. Ikikaa muda mrefu inazalisha kitu kinacholipuka, na kitu hicho hubaki chini ya chupa kikikusubiri uipashe moto. Klorofomu, kiyeyusho cha tatu, ina dumu lake lenye utepe mwekundu, na haichanganywi na chochote. Na ukitaka kujua kama heksani uliyoikinga imesafika, tone moja juu ya karatasi ya kuchujia. Likikauka likaacha doa kama la andazi, rudia.

Jambo lililonipa taabu zaidi ni lile la kutokausha chupa. Nimelelewa Mdandu. Kwa mama yangu chungu hakitoki jikoni kikiwa na kitu. Ukibakiza, unaulizwa unamwachia nani. Kwa hiyo nilipokeneka mara ya kwanza nilitaka kuitoa heksani yote. Iliyobaki ilikuwa kidogo, imechanganyika na mafuta ya parachichi, kijani kizito, nami niliona aibu kuiacha. Mzee Chaula akazima hita.

"Bado ipo, mzee."

"Naiona. Hiyo siyo yako. Hiyo ni ya chupa." Akanionyesha chupa nyingine kabatini, imepasuka kwa chini kama yai. "Hii ilikaushwa na kijana mmoja mwenye bidii. Mafuta yakikosa kiyeyusho yanaungua, kioo kinapasuka, na mvuke uliobaki unakutana na hita. Bidii ikizidi ni moto."

Mpaka leo hatushuki chini ya alama ile ya rangi mliyoikuta kwenye chupa. Mama yangu nimemweleza, hajakubali.

Kuna jambo moja mimi nilimfundisha yeye, nalisema kwa sababu alipenda kulisimulia. Vitabu vinasema heksani huchemka kwenye nyuzi sitini na tisa. Hapa kwetu kipimajoto kilisimama sitini na tatu hivi, na Mzee Chaula kwa miaka yote alikuwa akiwaambia watu, "Kipimajoto hiki ni kiongo, ongezeni sita." Nilikaa na jambo hilo kichwani siku kadhaa, nikaogopa kulisema, kisha nikalisema vibaya, huku nikitazama viatu. Makambako iko juu. Hewa ni nyepesi. Vimiminika huchemka mapema kuliko pwani. Kipimajoto kilikuwa sahihi.

Mzee alisogea kwenye mtambo. Kisha akakitoa kipimajoto kwenye ndoano, akakipangusa kwa koti.

"Ndugu yangu, nimekutukana miaka mingi. Nisamehe." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unalijua hili tangu lini?"

"Tangu wiki jana, mzee."

"Sasa ulikuwa unangoja nini? Nistaafu?"

Kulikuwa na vichekesho vingine. Mtaani palisambaa habari kwamba maabara inapika gongo, kwa kuwa kila aliyechungulia dirishani aliona chupa inachemka, bomba limelala, na kitu cheupe kinadondoka. Siku moja mgambo alikuja, kofia mkononi, akaamkia kwa lugha ya kwetu, kwa heshima nyingi.

"Kamwene, mzee. Nimetumwa tu. Wanasema huku mnapika."

"Tunapika kweli," akasema Mzee Chaula. "Karibu uonje. Ukionja leo, kesho tutakula pilau kwako."

Mgambo aliondoka bila kuonja, lakini nasikia alitoa taarifa kwamba gongo yetu ni ya wazungu.

Nimekaa sana kwenye vichekesho. Najua kwa nini. Ninaogopa ninapoelekea.

Msimu wangu wa pili ulipokaribia mwisho, mafundi walipaka rangi ya mafuta milango ya ukumbini. Harufu ilikuwa kali mpaka macho yakatoka machozi. Wengi tulihamia uani. Mzee Chaula alikuja akiwa na karatasi za matokeo, akauegemea mlango mbichi kama alivyozoea, akaanza kutusomea majibu ya sampuli za Ludewa. Alipobanduka, mgongo wa koti ulikuwa wa buluu. Tulicheka wote. "Macho ya uzee," akasema, naye akacheka. Mimi nilicheka, kisha nikafikiri: rangi ile haikuhitaji macho.

Baadaye ikaja chai. Mama Jeni, anayetupikia chai, huweka mchaichai. Mzee Chaula alikuwa na desturi ya kunusa kikombe kwanza na kusema, "Mama Jeni, leo mchaichai umekubali." Asubuhi moja Mama Jeni aliniambia jikoni kwamba mchaichai wake umeliwa na mbuzi wa jirani, tutakunywa ya rangi tupu. Kikombe kikafika kwa mzee. Akakinusa.

"Mama Jeni, leo mchaichai umekubali."

Mama Jeni akanitazama. Nikageuza macho upande wa dirisha. Nilijiambia ni mazoea ya mdomo tu, mtu husema jambo bila kulifikiri. Nilijiambia ana mafua. Niliorodhesha kichwani sababu nyingi nzuri, na kila moja ilikuwa na tundu.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo hapo awali nililiona la kuchekesha. Siku ambazo mimi nakwenda mashambani kuchukua sampuli, yeye hubaki peke yake. Niliwahi kusahau ndoo, nikarudi, nikamsikia mlangoni: "Hodi." Akajijibu mwenyewe: "Karibu, Chaula." Akaingia.

Nilifanya nini? Sikufanya kitu. Niliendelea kubisha hodi kila asubuhi, naye aliendelea kunikaribisha, na nilianza kugundua kwamba zamani tulikuwa tukipokezana, leo mimi kesho yeye, lakini kwa muda mrefu sasa mimi ndiye niliyekuwa nikibisha peke yangu.

Msimu uliofuata ulianza na mvua nyingi. Siku hiyo ya mwezi wa tatu nilipangiwa kwenda Mdandu kuchukua matunda. Tulipofika kwenye mlima wa kwanza, palipo na utelezi, gari likakaa mtaroni. Likatolewa, dereva akasema hapandi tena mlima ule, tukageuza. Nilirudi maabara kabla ya saa za chakula, nimelowa, viatu mkononi. Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba ungelazimika kupiga kelele ili mtu wa pembeni akusikie.

Kwenye veranda Mama Jeni alikuwa ameingiza jiko lake la mkaa chini ya paa. Siku za kawaida jiko hukaa ng'ambo ya mfereji, ndiyo sheria, lakini mvua haikumwachia pa kupikia. Birika lilikuwa juu yake. Nami nilipokuwa nimesimama kwenye pembe ya jengo nikikung'uta viatu, nikaisikia. Petroli kwa mbali. Nikainama. Siyo kwa mbali.

"Mama Jeni! Toa jiko!"

"Nini?"

"Jiko! Toa uani! Toa!"

Huyu mama sijui aliona nini usoni kwangu. Hakuuliza mara ya pili. Alilinyanyua jiko kwa masikio yake, birika likiwa juu, akakimbia nalo kwenye mvua kama mtu anayeokoa mtoto, akalibwaga katikati ya matope, mkaa ukalia. Mimi nilikimbilia ukuta wa pili nikazima swichi. Kisha nikaenda mlangoni, nikausukuma, nikaita.

Mzee Chaula alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, anapangusa vikombe vya kupimia, kimoja kimoja, kwa utulivu. Nyuma yake mtambo ulikuwa unachemka. Bomba la kupozea halikuwa na maji. Kwenye mdomo wa kukingia hapakudondoka kitu. Pale hewa ilikuwa inatetemeka, kama inavyotetemeka juu ya lami ya Makambako mchana wa jua.

"Mzee! Toka nje!"

Akageuka, akatabasamu. "Umerudi mapema."

"Toka nje, tafadhali."

Akatoka bila haraka, akifunga kitasa taratibu asije akagonga kitu, maana hata katika hali ile adabu ya chumba ilikuwa mwilini mwake. Tukasimama chini ya mvua, mbali na jengo.

"Kuna nini?"

"Mzee, husikii?"

"Nasikia ni—" Akaishia hapo. Akalitazama jiko la Mama Jeni kwenye matope. Akanitazama mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukishuka kiasi kile bila chozi.

Mvua ilikuwa imepasua bomba la mtaani, maji yakakatika jengo zima. Hayo tuliyajua baadaye, baada ya madirisha kufunguliwa na chumba kupata hewa. Heksani iliyopotea haikuwa nyingi. Hakuna aliyeungua. Kwa wengine, siku hiyo ni siku ambayo Mama Jeni alikimbia na jiko, na wanaisimulia hivyo hadi leo, naye anaisimulia vizuri kuliko wote.

Mvua ilipokatika, Mzee Chaula aliniita kwenye benchi nyuma ya stoo.

"Umejua lini?"

"Sikuwa na hakika. Siku ya rangi. Halafu mchaichai."

"Mchaichai?"

"Haukuwepo siku ile, mzee. Uliliwa na mbuzi."

Alicheka kidogo, akafuta macho. "Basi nimeangushwa na mbuzi." Akakaa. "Iliondoka taratibu. Kwanza maua, halafu sabuni, halafu hii yetu. Daktari hakuweza kuniambia ni viyeyusho, ni umri, au ni yale mafua makali. Nikajifunza kufanya kazi kwa masikio. Ninayasikiliza maji. Maji yakitembea bombani mimi nayasikia hata nikiwa nimefumba macho. Yakisimama, nazima." Akaelekeza kidole juu. "Leo mabati yalipiga kelele."

"Na siku nilizokuwepo?"

"Siku ulizokuwepo nilikuwa na pua." Alisema hivyo hivyo, waziwazi. "Ulidhani ni kwa nini nakubishisha wewe tu? Nilikuwa nakukaribisha kwa pua yako mwenyewe, mwanangu."

Nilikuwa nimeiona "karibu" ile kama muhuri, nikaingia ndani kwa imani yake. Kumbe mlango ule ulikuwa na mtu mmoja tu anayenusa, tangu muda ambao hata sikuujua, na hakuna aliyeniambia kwamba mtu huyo ni mimi.

"Tumaini," akaniita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Msimu huu ukiisha nastaafu. Niache niumalize. Nikitolewa leo watasema Chaula ametolewa kwa sababu nusura achome maabara. Miaka yangu yote itakuwa hiyo siku moja. Nitakuwa mwangalifu. Sitawasha mtambo ukiwa haupo."

Nilimwambia nitafikiri. Ni jibu ninalolitoa kwa kila kitu.

Na hapo ndipo ulipokuja usiku ule wa maswali. Nilimwamini kwamba hatawasha nisipokuwepo. Kisha nikawaza siku ambayo mimi nitakuwepo nikiwa na mafua. Alinifundisha mwenyewe kwamba pua ni mlinzi anayesinzia: ukikaa na harufu kidogo tu, inaacha kukuambia, ndiyo maana lazima utoke nje na kurudi. Kama pua nzima inasinzia, je, tumewezaje kuifanya kuwa ndiyo askari wetu wa pekee? Kosa halikuwa la pua yake. Sote tuliipenda desturi ile kwa kuwa ilikuwa nzuri, ilikuwa ya kwetu, na ilitoka kwa mtu tunayemheshimu, kwa hiyo hakuna aliyeiuliza inafanyaje kazi siku ambayo mbishaji na mwenyeji ni mtu mmoja. Kile kifaa mnachokiona ukutani chenye taa ya kijani, kile cha kupima mvuke, na ile swichi inayozima hita yenyewe maji yakikatika, vilikuja baada ya hapo. Hodi ya pua bado ipo, nawaomba msiiache. Lakini sasa ni adabu. Ulinzi unafanywa na vifaa.

Nikarudi kwenye swali la nani aambiwe kwanza. Nilijiona nikiingia ofisini kwa meneja peke yangu, nikifunga mlango nyuma yangu, nikilitaja jina la mzee kwa sauti ya chini. Picha ile sikuipenda. Kisha nikamwona Mama Jeni na jiko lake, akiwa hakugeuka nyuma kunitazama, kwa kuwa aliniamini. Yeye hajawahi kusomea heksani. Hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari kungoja msimu uishe.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Nilifika mapema kuliko siku zote, nikauchukua ufunguo wa chumba cha heksani kwenye msumari wake, nikautia mfukoni mwa koti, nikasimama mlangoni. Nilipanga maneno mengi ya heshima, ya kuzunguka, yenye "samahani" kila upande.

Mzee Chaula akaja na koti lake la pamba. Alipojigeuza kupangusa viatu, doa la buluu bado lilionekana mgongoni kwa mbali, halikuwa limetoka kwenye kufua. Tukaamkiana. Akanitazama nilivyosimama, mgongo kwenye mlango, akaelewa kabla sijafungua mdomo, na nadhani alitaka kunirahisishia, au alitaka kunijaribu kwa mara ya mwisho.

"Hodi," akasema.

Maneno yangu yote ya kuzunguka yakapotea.

"Hapana, mzee," nikasema. "Leo sikukaribishi."

Ukungu ulikuwa umetushika hadi magotini. Alisimama kidogo, akaangalia mlango ule kuanzia juu hadi chini, fundi anavyoangalia kazi yake kabla ya kuondoka. Hakubisha.

"Nakwenda kwa meneja," nikasema. "Sitaki kwenda bila wewe."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia chumba kinahitaji kifaa cha kunusa. Na kwamba kwa muda wote huo kifaa tulichokuwa nacho kilikuwa mimi. Ya kwako utayasema mwenyewe, mzee. Usipoyasema, nitayasema mimi, ukiwa umekaa hapo hapo."

Alitikisa kichwa polepole. Sikujua ni kukubali au ni masikitiko. Kisha akaanza kutembea, nami nikamfuata, ukumbi mzima, tukipita milango ya buluu. Mbele ya ofisi ya meneja niliinua mkono nigonge. Akanishika kiganja, akakishusha, akanyoosha koti lake, akasogea mbele yangu.

"Hodi," akasema Mzee Chaula, kwa mdomo, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima.